Mkia wa Kitenzi cha Kiingereza

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hatimaye Zambia huipasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa masafa ya kilomita 50 hivi, na katika masafa hayo abiria wa basi huweza kuwaona twiga, pundamilia na tembo kwa nauli ileile aliyolipia safari yake, ilhali mgeni aliyetoka Ulaya au Marekani hulipa kiingilio, hupanda gari lililo wazi pande zote, na humsikiliza kijana wa Kitanzania ambaye riziki yake imo katika ulimi wake. Kijana huyo aghalabu amesoma Kiingereza katika shule ya sekondari. Anajua kwamba kuingia ni “enter”, kuteremka ni “descend”, na kuahirisha ni “postpone”. Wageni wake, hata hivyo, hawasemi hivyo. Wao husema “get in” wakimaanisha ingia garini, “get out” wakimaanisha toka, “set off” wakimaanisha kuanza safari, na “put off” wakimaanisha kuahirisha. Na simba akiwa amelala kivulini hatua chache kutoka penye gari, tafauti baina ya amri inayomsalimisha mtu na amri inayomwangamiza haimo katika kitenzi “get”, ambacho ni kilekile, bali imo katika kijineno kinachokifuata, kidogo kiasi cha kupeperushwa na upepo wa bonde la Mkata humo hifadhini.

Vitenzi vya namna hii walimu wetu huviita kwa jina lake la Kiingereza, “phrasal verbs”, na mimi katika makala haya nitaviita vitenzi vyenye mkia, kwa kuwa kila kimoja ni kitenzi cha kawaida, aghalabu kifupi na cha zamani, kama “go”, “come”, “get”, “put”, “take”, “turn” au “look”, kilichofungiwa nyuma kijineno kama “up”, “down”, “in”, “out”, “on”, “off” au “away”, na viwili hivyo vikishakutana huzaa maana ambayo pengine haimo katika hiki wala kile. Taabu yake si ya leo. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotolewa London mwaka 1755, alikwisha kuandika katika dibaji yake kwamba vitenzi hivi ndivyo viwasumbuavyo wageni kupita mengine yote katika lugha ile, na akajitahidi kuvikusanya kadiri alivyoweza. Jina lenyewe lilikuja baadaye sana: Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, akaeleza kuwa amepewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Kwa hiyo Waingereza wenyewe walivisema vitenzi hivi karne nyingi kabla ya kuwa na jina la kuviitia, na mtoto wao wa miaka mitatu huvisema bila ya kujua kwamba vina jina.

Si vyote vigumu. “Sit down” ni kukaa chini, na “go out” ni kwenda nje. Hapo kitenzi na mkia kila kimoja kimebaki na maana yake, na msikilizaji hana haja ya mwalimu. Ugumu huanza pale mkia unapoacha kuonyesha mahali na kuanza kuonyesha hali, kama katika “eat up”, kula mpaka kumaliza, au “dry up”, kukauka kabisa, ambapo hapana kinachopanda juu ila kazi imefikia ukomo wake. Kisha huja vile ambavyo maana yake imejificha: “give up” ni kukata tamaa, “put up with” ni kuvumilia, na “turn down” ni kukataa, ingawa “turn down” hiyohiyo, ikisemwa kwa redio, ni kupunguza sauti. Binti anaweza kumfanyia mchumba “turn down”, na jirani akaifanyia redio yake vivyo hivyo, na Mwingereza asione ajabu yoyote.

Ili jambo hili lisibaki hewani, natulichukue tukio ambalo kila mtu mzima wa Kilosa, jirani na Mikumi, analikumbuka. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa ziliufurisha mto Mkondoa, maji yakaingia katika mji na vijiji vya jirani, maelfu ya watu wakaachwa bila ya makazi, na reli ya kati, ambayo tangu zama za Wajerumani imekuwa ikiandamana na mto huo katika bonde lake, ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Mtu aliyetaka kuyasimulia mambo hayo kwa Kiingereza cha kawaida, kile cha barua kwa rafiki au cha mazungumzo ya simu, asingeweza kumaliza sentensi mbili bila ya vitenzi vyenye mkia. Tuta la reli lilichukuliwa na maji: “The embankment was washed away.” Vijiji vikatengwa, visifikike: “Villages were cut off.” Safari za treni zikafutwa: “The trains were called off.” Watu wakahifadhiwa katika mahema: “People were put up in tents.” Hatimaye maji yakapungua, “the water went down”, na kazi ya kusafisha matope ikaanza, ambayo huitwa “clearing up”. Na mwenye kutafuta sababu, akitaja miti iliyokatwa katika milima ya juu, atasema “the trees were cut down”.

Zingatia hapo jinsi “cut” ilivyotokea mara mbili. “Cut down” ni kukata kitu kilichosimama hadi kianguke. “Cut off” ni kutenga, kama kijiji kilichozungukwa na maji au nyumba iliyokatiwa umeme. Zipo na nyingine: “cut up” ni kukatakata vipande, kama nyama ya mchuzi, “cut in” ni kumkatiza mtu maneno, au dereva kuingia mbele ya mwenzake ghafla kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa malori katika barabara ya Mikumi, “cut out” ni injini kuzimika yenyewe, na “cut back” ni kupunguza matumizi. Kitenzi kimoja, mikia sita, mambo sita.

Msomaji wa Kiswahili atasema haya ni mashaka matupu. Hasha. Sisi nasi tunafanya jambo lilelile, ila mkia wetu tumeugundisha kwenye kitenzi hata hatuuoni tena kuwa ni mkia. Chukua “kata” hiyohiyo ya Kiswahili. Kamba hukatika, mtu humkatiza mwenzake, habari mbaya hukatisha tamaa, mwenye shamba humkatia mgeni muwa, na walevi hukatana mapanga. Chukua “tazama”, ukiipa mkia ikawa “tazamia”, na macho ambayo yalikuwa yakiangalia kitu kilichopo sasa yanangoja kitu kisichopo bado. Mwingereza kwa maana hiyo husema “look forward to”, yaani naye ametoka katika kutazama akafika katika kutarajia kwa kuongeza vijineno. Chukua “enda”, ambayo huzaa “endelea”, na Mwingereza ana “go”, ambayo huzaa “go on” kwa maana ileile. “Simama” huzaa “simamia”, na “pita” huzaa “pitia”, ambayo kwa Kiingereza ni “go through” kama unapitia hesabu, na ni “drop in” kama unapitia kwa shangazi ukielekea sokoni. Hata huko kwetu maana haikisiki daima kutokana na sehemu zake: mgeni aliyefundishwa kwamba mkia wa “-ia” ni wa kumtendea mtu jambo, atajuaje kwamba “kumfanyia mtu” pengine ni kumdhuru, na kwamba “kumwendea mtu kwa mganga” si kumtembelea?

Lugha za wenyeji wa Kilosa, Kisagara, Kikaguru na Kividunda, nazo zina mikia ya namna hii, kwa kuwa ni jamaa moja na Kiswahili. Na ni jambo la kufurahisha kukumbuka kwamba taabu hii iliwahi kwenda upande wa pili, kwani Mwingereza J. T. Last, mmisionari aliyekaa Mamboya katika nchi ya Wakaguru, alilazimika kujifunza Kikaguru mpaka akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1886, miongo mitatu kabla ya majeshi ya Waingereza kuingia Kilosa na kuwatoa Wajerumani mwaka 1916. Wakati ule mwanafunzi alikuwa ni Mwingereza, na mikia ya kumkanganya ilikuwa yetu.

Tafauti kubwa iliyopo ni kwamba mkia wetu hauachani na kitenzi, ilhali wa Kiingereza huweza kuachwa nyuma na maneno mengine yakaingia katikati. Kijana wa Mikumi aliyetumwa kuwachukua wageni katika stendi anaweza kusema “I picked up the visitors” au “I picked the visitors up”, na sentensi zote mbili ni sahihi. Lakini akitaka kusema “niliwachukua”, bila ya kuwataja wageni, hana hiari tena: ni “I picked them up”, na “I picked up them” ni kosa ambalo sikio la Mwingereza hulikataa papo hapo. Kanuni hii, ambayo vitabu huieleza kwa maneno mengi ya kuchosha, Mswahili anayo tayari kinywani mwake, maana naye husema “niliwachukua” na kukiweka kiwakilishi hicho chepesi, “wa”, ndani ya kitenzi, na wala hasemi “nilichukua wao”. Kiwakilishi kikiwa chepesi huingia ndani. Nomino ikiwa nzito hukaa nje. Sijaona mwalimu aliyelifundisha hivyo, nami naona ni hasara, kwa sababu mwanafunzi hukariri kama jambo geni kitu ambacho ni ndugu ya chake.

Isipokuwa, na hapa lazima tuwe waangalifu, si kila mkia hukubali kuachana na kitenzi chake. “Look after”, kutunza, haiachani: ni “look after him” na kamwe si “look him after”. Vivyo hivyo “look for”, kutafuta, na “look into”, kuchunguza. Njia ya kuzipambanua ni kuzisikiliza katika sentensi zilizo karibu kufanana. Dereva akiiacha barabara kuu na kuingia njia ya vumbi iendayo kambini, husemwa “he turned off the road”. Akifika na kuizima injini, husemwa “he turned off the engine”. Kwa macho ni mamoja. Lakini katika ile ya kwanza “off” imeshikamana na barabara, yaani amegeuka akatoka kwenye barabara, na huwezi kusema “he turned it off” ukikusudia barabara, kwani hapana dereva awezaye kuizima barabara. Katika ya pili “off” imeshikamana na kitenzi, na “he turned it off” ndiyo kauli ya kila siku. Anayetilia shaka na ajaribu kuingiza “it” katikati: ikikubali, mkia ni wa kitenzi, ikikataa, ni wa jina lifuatalo.

Sasa nije katika makosa yetu, maana nayo yana sababu na si uvivu. Leonard Talmy, mtaalamu wa lugha wa Kimarekani, alionyesha kwamba lugha za ulimwengu hutafautiana katika mahali zinapoweka njia ya mwendo: nyingine huiweka ndani ya kitenzi chenyewe, na nyingine, Kiingereza kikiwamo, huiweka nje katika kijineno. Kiswahili kimeelemea upande wa kwanza. Ingia, toka, panda, shuka, rudi, pita, vuka: kila kimoja kimebeba njia yake tumboni, na hakihitaji msaidizi. Ndiyo maana Mtanzania, Mkenya na Mganda, wanaposema Kiingereza, hukiona kijineno kuwa ni ziada, wakakiacha: “I will pick you at six,” kwa kuwa “nitakuchukua” imekwisha kutimia bila ya “up”. Na ajabu ya mambo ni kwamba “up” hiyo waliyoiacha barabarani wameihifadhi katika gari, kwani kila mtu asemaye “I will pick you” anajua vizuri pikapu ni gari la namna gani.

Pengine hukosea kwa upande wa pili, wakatia mkia pasipotakiwa. “Discuss about” imeenea kwa sababu sisi hujadiliana kuhusu jambo. “Cope up with” imeenea kwa sababu inafanana na “keep up with” na “put up with”. Na “request for” hutumiwa kama kitenzi kwa sababu “ask for” husemwa hivyo. Mjerumani Josef Schmied, aliyechunguza Kiingereza cha Tanzania na kutoa kitabu juu yake mwaka 1985, ni mmoja wa wataalamu waliozieleza tabia za Kiingereza cha Afrika, nacho hicho wengine hukihesabu kuwa ni tawi lenye haki yake kama Kiingereza cha Marekani. Sina ugomvi na rai hiyo kuhusu mazungumzo ya jirani na jirani. Lakini mtihani wa taifa hausahihishwi kwa rai hiyo, wala mgeni aliyeambiwa “drop here” hatajua kwa yakini kama ametakiwa kushuka au kuangusha mzigo.

Kwa kushuka kwenyewe, lipo jambo dogo ambalo hufaa kulijua. Kiswahili kina panda na shuka kwa chombo chochote, kiwe baiskeli, bodaboda, basi, mtumbwi au treni mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na ambayo njia yake hupita Kilosa. Mwingereza huvigawa vyombo. Gari dogo na teksi ni “get in” na “get out”. Basi, treni, ndege, farasi na baiskeli ni “get on” na “get off”. Anayetaka kukumbuka na ajiulize kama ndani ya chombo hicho huweza kusimama wima na kutembea, au kama hupandwa mgongoni: basi hapo ni “on” na “off”. Lile gari la watalii la Mikumi, ingawa ni refu na wazi, bado huhesabiwa ni gari, na amri yake ni “get in”.

Kiswahili nacho hakikukaa bure katika biashara hii. Kimeazima mizigo kadhaa pamoja na mikia yake. Hapana arusi katika mji wa Kilosa wala Mikumi isiyotanguliwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ambayo asili yake ni “send off”, kumsindikiza mtu anayeondoka. Bibi arusi hupakwa mekapu. Bondia hupigwa nokauti. Chakula hufungwa tekawei. Na gari likiharibika katikati ya hifadhi huitwa brekdauni ije ilivute. Mwingereza akisikia kwamba kwetu brekdauni ni gari zima linalokuja kuokoa, ilhali kwake “break down” ni kule kuharibika kwa gari, atacheka. Lakini neno likishahamia nyumba nyingine hufuata desturi za nyumba hiyo.

Kwa nini basi vijana wetu humaliza sekondari wakijua “extinguish” na wasijue “put out”, ambayo ndiyo kauli ya mtu anayepiga kelele kwamba moto uzimwe? Kwa rai yangu sababu ni kwamba, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967 na Kiingereza kikabaki cha sekondari, mwanafunzi wa wilayani hukutana na Kiingereza katika vitabu vya fizikia, historia na jiografia kabla ya kukutana nacho katika vinywa vya watu, na Kiingereza cha vitabu hupenda maneno marefu yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, kama vile Kiswahili cha mahakama kinavyopenda maneno ya Kiarabu. Matokeo yake ni kijana anayesema na mtalii kama hati ya serikali. Hata hivyo asidhani mtu kwamba maneno mafupi ndiyo mepesi. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake kilichopunguzwa hadi maneno 850, ambamo vitenzi vilikuwa 18 tu, ili ulimwengu mzima ujifunze kwa wepesi. Na vitenzi vichache hivyo viliweza kufanya kazi ya maelfu kwa sababu alivitegemeza juu ya mikia hiihii tunayoisema. Alipunguza maneno, akazidisha fumbo. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mradi wake kutodumu.

Wanafunzi wengi hupewa orodha: vitenzi vya “look” upande mmoja, maana upande wa pili, wakariri usiku, wasahau asubuhi. Orodha huyatenganisha maneno na jamaa zake. “Look after” haina uzito mpaka iwe “My grandmother looks after the goats”, na bibi huyo awe anajulikana, na mbuzi wawe wamesikika wakilia. Mwalimu wa Rudewa, Kimamba au Ulaya ya Kilosa hana haja ya kungoja kitabu kutoka ng’ambo ili apate sentensi: stendi ipo, ambako watu hushuka na kupanda, mto upo, ambao hujaa na kupungua, umeme upo, ambao hukatika na kurudi, “goes off” na “comes back on”, simu ipo mkononi, ambayo hupokewa, “pick up”, na kukatwa, “hang up”, na fomu za ofisini zipo, ambazo hujazwa, “fill in”. Nawaomba walimu hao waanze na hayo, kitenzi na mkia wake pamoja katika sentensi kamili, kiwakilishi kikiwekwa katikati pale kinapotakiwa. Na wewe msomaji unayejifunza peke yako, kila usikiapo kitenzi cha Kiingereza kilicho kifupi, usiondoke hapo kabla ya kusikiliza neno linalofuata.